Maswali ya Wasomaji: Kipimapembe cha shaba na urefu wa mti

SWALI: Nimenunua mnadani kifaa cha shaba: mrija wa pembe nne, juu una pimamaji dogo, ubavuni nusu duara yenye alama za nyuzi (digrii). Nikilenga kilele cha mkaratusi napata jibu tofauti kila mara. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hicho ni kipimapembe cha mkono alichobuni Mwingereza William de Wiveleslie Abney miaka ya 1870, akiwa kwenye shule ya wahandisi wa kijeshi huko Chatham. Ndani ya mrija, upande wa mbele, kuna uzi mlalo na kioo kilichoinama digrii 45 kinachoziba nusu ya upeo wa jicho. Nusu moja unaona mti, nusu nyingine kiputo cha pimamaji. Lenga kilele, kisha zungusha skrubu ya ubavuni mpaka uzi ukate kiputo katikati huku ukigusa kilele. Hapo ndipo usome tao, yaani ile nusu duara.

Shaka yetu ya kwanza ni vernia, kile kipimio kidogo kandokando ya tao kinachosoma sehemu za nyuzi. Aghalabu ina mistari pande zote mbili za sifuri, kila nafasi dakika 10 (nyuzi moja ni dakika 60). Soma upande ambao nyuzi zinaongezeka. Ukisoma upande wa pili, nyuzi 35 na dakika 40 zinageuka 35 na dakika 20, na ukiwa mita 20 kutoka kwenye mti umeshapoteza takriban sentimita 18.

Mkono nao hutetemeka. Egemeza kifaa kwenye fimbo, pima mara tatu, chukua wastani. Umbali uwe mlalo: mita 20 zilizopimwa juu ya mteremko wa nyuzi 10 ni 19.70 tu.

Hesabu yenyewe: 20 × tanjenti ya 35°40′ (0.7177) = mita 14.35. Shusha mrija ulenge shina pale linapogusa ardhi; ukipata nyuzi 4 kwenda chini, 20 × 0.0699 = 1.40. Jumla mita 15.75. Hivyo huhitaji kujua kimo cha jicho lako.

Majibu yakitulia lakini bado una shaka, kagua kifaa. Simika nguzo mbili, A na B, umbali wa mita 30 hivi, kila moja uitie alama kwenye kimo cha jicho. Toka A kwenda B ukipata +3°20′, na kurudi −2°40′, pembe ya kweli ni 3°00′ na kosa ni dakika 20. Weka vernia kwenye 3°00′, lenga alama ya B kutoka A, kisha rudisha kiputo kwenye uzi kwa skrubu ndogo za ncha za pimamaji. Taratibu, maana chupa yake ni ya kioo.

SWALI: Naweza kuking'arisha kwa dawa ya shaba?

JIBU: Tao, hapana. Dawa hula mistari ya nyuzi na kuacha unga ndani yake. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na kile kioo cha ndani kipulizie vumbi tu.