Re: Nguvu za ghafla mtu akikaribia kifo

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mtu akiona kifo anapata nguvu za watu wanne, au ni stori za vijiweni. Ni kweli, ila tupunguze chumvi.

Nilishuhudia pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Mtumbwi ulioegemezwa kwenye magogo uliteleza, ukambana mtoto mguu. Baba yake, mchuuzi wa dagaa, mwembamba kama kasia, aliushika omoni, yaani ncha ya mbele, akaunyanyua peke yake, mtoto akachomolewa. Baadaye tukamwambia ajaribu tena. Haukutikisika! Usiku ule mgongo ukamkamata, wiki nzima anatembea kama mzee wa miaka 80.

Huo mgongo ndio jibu lako. Siku za kawaida ubongo hauruhusu misuli yote ijikaze kwa pamoja, maana ingeweza kuchana kano. Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, maumivu huyasikii kwanza. Breki inalegea.

Halafu kumbuka aliinua ncha moja tu, uzito mwingine ulibaki mchangani. Hata wanaosemwa wameinua gari, mara nyingi matairi mengine yanakuwa chini.