Vitabu vya Kihispania kwa darasa la wadogo

Shikamoo mwalimu. Umeuliza uanze na vitabu gani vya Kihispania kwa watoto wako hapo Nyegezi. Anza na hadithi wanazozijua tayari: tovuti ya Global Storybooks ina hadithi zilezile za Kiafrika kwa Kiswahili na kwa Kihispania, bure, unachapisha mwenyewe. Ila usiweke lugha mbili ukurasa mmoja. Mimi nilijaribu, wakawa wanasoma Kiswahili tu, wajanja hao! Irabu hazitawasumbua, ni tano kama zetu. Watakwama kwenye j, inayosomwa kama h nzito, na h yenyewe haitamkwi kabisa. Ñ ni ny ya Nyegezi. Majalada yavalishe nailoni mapema, mihogo ya kukaanga ya saa nne haina huruma.