Ukiacha kanisa, nani atakuonya?

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema bado unamwamini Yesu na unasali, ila umechoka: bahasha za sadaka, michango isiyoisha, sare, wazee wa kanisa kujadili nani kazaa nje ya ndoa. Unauliza kama mtu anaweza kuwa Mkristo bila kwenda kanisani, na mama yako amekujibu kwa swali: ukifa, nani atakuzika? Nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Mimi niliondokea msibani. Mwaka 2015 kaka yangu alifariki baada ya kuugua figo miaka mitatu. Miaka hiyo hakutoa ahadi yake ya sadaka kanisani. Angetoa nini, wakati kila shilingi ilikwenda kwenye kusafisha damu? Tulipopeleka taarifa, mzee wa kanisa alifungua daftari, akatafuta namba ya bahasha ya marehemu, akasema kuna deni na mchungaji haji mpaka limalizwe. Mwili uko ndani, akina mama wako nje wanapika, na sisi ndugu tunazunguka na sahani kuchangisha shilingi 180,000 ili kaka yetu aombewe. Tulilipa. Mchungaji akaja, akahubiri, na mimi sikusikia hata neno moja. Nilikaa mpaka tukaanua matanga, nikarudi Dar, na Jumapili iliyofuata sikwenda ibadani.

Hapo sijutii. Ninachojutia ni miaka mitatu iliyofuata. Jumapili nilijilaza na simu nasikiliza mahubiri, leo ya mtu wa Nairobi, kesho ya mtu wa Lagos, na yakinichosha nahamia mengine. Nilidhani huo ndio uhuru. Wakati wote huo nilikuwa bado sisemi na dada yangu kwa sababu ya kiwanja alichotuachia baba. Nilisali asubuhi na jioni, na hicho kiwanja hakikutoka moyoni, kwa kuwa hakuna aliyejua kama kipo.

Watu watakurushia Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja." Walinirushia mimi pia, nikauchukia ule mstari. Siku moja nikausoma mpaka mwisho. Unaendelea: "bali tuonyane." Na ule wa juu yake unasema "tukaangaliane sisi kwa sisi." Kanisani kwetu tulikuwa mamia, tukitazama visogo vya wenzetu kwa muda wa saa mbili na nusu kila Jumapili, na kwa miaka yote ile hakuna aliyeniuliza habari za dada yangu. Ahadi yangu waliijua mpaka shilingi ya mwisho.

Nikamkumbuka bibi yangu, Bukoba. Bibi alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa Wakristo wa kutubu mbele ya wenzao ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika kwetu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Jioni walikusanyika nyumbani kwake, katikati ya migomba, anawapa buni za kutafuna, kisha mtu anasimama na kusema: nimemwonea wivu jirani, nimepunja kwenye mzani wa kahawa, kesho nakwenda kurudisha. Wakimaliza kumsikiliza wanaimba Tukutendereza. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Hawakuwa wachungaji, walikuwa wakulima na wake zao, na kijana wa shule aliweza kumwonya mzee mwenye mashamba. Wala hawakulikimbia kanisa: askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho. Nilipokuwa mtoto niliona aibu wakisema mambo yao hadharani namna ile. Nikiwa na miaka arobaini nililia kwa kukosa watu kama wale.

Sasa tuko kaya tano. Tunakutana Alhamisi jioni kwa zamu, tunasoma Injili ya Marko kipande kidogo kidogo, na kila mtu anasema kilipomgusa. Fedha tunayochanga hailali: ni kodi ya mmoja, ada ya mtoto, dawa. Tumepata na machungu. Mmoja alikopa akahama bila kuaga, na mpaka leo tunamwombea kwa shida. Yuko kati yetu mwinjilisti mstaafu, anakaa mkekani kama sisi. Wiki ya nne aliniambia, "Mwanangu, leo umemtaja dada yako mara mbili na mara zote umekunja uso. Kuna nini?" Ilinichukua miezi saba. Nilipanda basi mpaka Bukoba, tukakigawa kile kiwanja.

Nikuonye jambo moja, na ninalisema kwa uzito. Kikundi cha nyumbani kinaweza kuwa kibaya kuliko kanisa lolote. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Ukiingia mahali ambapo mmoja anaonya wote na yeye haonyeki, toka siku hiyo hiyo, hata kama wanaimba vizuri. Sisi tunaacha mlango wazi tukisali, jirani Mwislamu hupita akatusalimu, na yule mwinjilisti tumeshamkosoa zaidi ya mara moja. Alikubali.

Sasa swali la mama yako, maana si dogo, na usimdharau kwa kuliuliza. Mwaka 2021 mwenzetu alifiwa na mama yake, na kanisa alikobatizwa yule mama halikuja. Tulikwenda serikali ya mtaa kufuatilia kibali, vijana wa mtaa wetu, Waislamu na Wakristo, wakachimba kaburi, mwinjilisti akasoma Zaburi ya 90, tukaimba mpaka udongo ukajaa. Hakuna aliyefungua daftari. Tangu usiku ule tulilala pale pale kwa mfiwa, siku tatu, na wali haukupungua.

Msimulie mama yako hivyo, kwa upole. Na Krismasi nenda naye kanisani akikuomba. Mimi huenda na wangu, tunakaa benchi alilokaa baba, na nyimbo zote bado nazijua.