Texas haina kodi ya mapato, je nikihamia Minnesota nitaumia?

SWALI: Habari kaka. Tunakaa Dallas miaka sita sasa, mume wangu ni dereva wa lori (ameajiriwa, anazunguka majimbo), mimi ni CNA (msaidizi wa wauguzi) na nataka kuanza unesi. Watoto wawili wako shule. Kwa mwaka tunaingiza kama dola 72,000. Dada yangu yuko Brooklyn Park, Minnesota, kila siku ananiambia hamieni huku maisha mazuri. Mume anasema huko kodi itatumaliza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri dada. Hili swali mimi naulizwa kila msimu wa kufaili kodi, na karibu wote wanaanzia hapo hapo kwenye kodi ya mapato, kwa hiyo tuimalize kwanza.

Ni kweli Texas hawakati kodi ya mapato ya jimbo, na Minnesota wanakata, kuanzia asilimia 5.35 mpaka 9.85. Lakini hiyo 9.85 ni ya matajiri, nyie haiwagusi. Kwa ndoa inayofaili pamoja na watoto wawili, Minnesota wanatoa kwanza kama dola elfu arobaini hazikatwi kitu, inayobaki ndo inapigwa 5.35, so kwenye 72,000 yenu mnaongelea karibu dola 1,700 kwa mwaka. Kama dola 140 kwa mwezi. Inauma ndio, ila kumaliza haimalizi.

Halafu Texas nayo inakula, tena kupitia nyumba. Jimbo halina kodi ya mapato kwa hiyo shule na kaunti zinaendeshwa sana kwa kodi ya nyumba (anayolipa mwenye nyumba, property tax), na hata ukipanga unailipa humo humo kwenye kodi ya pango, ila huioni. Nyumba ya dola 300,000 Texas unaweza kujikuta unalipa 5,000 hivi kwa mwaka, Minnesota ya bei hiyo hiyo ni kama 3,000. Nafuu ya mwenye nyumba anayeishi humo inapunguza kiasi, na kila kaunti ina yake. Ila umeona, ile 1,700 ya shemeji imesharudi mlango wa nyuma.

Sasa kitu ambacho dada yako labda hajakwambia: ile krediti ya watoto ya Minnesota (pesa unayorudishiwa kwenye kodi), kama dola 1,750 kwa kila mtoto, watu wanaisifia sana, lakini inapungua kadiri kipato kinavyopanda na kwa 72,000 na watoto wawili imeshaisha yote au karibu yote. Usiiweke kwenye hesabu.

Weka hivi badala yake. Tangu 2023 watoto wote wa shule za serikali Minnesota wanapata chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure bila kuulizwa kipato, wakati Texas inategemea wilaya ya shule, nyingine zinawapa wote bure, na pasipo hivyo kwa kipato chenu mnalipa, piga dola 3 kwa siku, watoto wawili, siku 170, hiyo ni zaidi ya 1,000. Kuanzia Januari 2026 kuna likizo ya malipo ya jimbo, ukijifungua au kuuguza mzazi unalipwa sehemu ya mshahara (unakatwa si zaidi ya asilimia 0.44), na Texas hakuna kitu hicho kabisa, mwajiri akikunyima ndo basi.

Kubwa kwako wewe ni shule. Minnesota wana North Star Promise, familia yenye kipato chini ya 80,000 inasoma vyuo vya umma bila kulipa ada, kama huna digrii tayari. Lakini lazima uwe mkazi kwanza, kwa kawaida mwaka mzima umekaa kwa sababu isiyo ya kusoma, kwa hiyo ukihama leo usikimbilie darasani kesho. Na ukishapata leseni ya unesi Minnesota jua Texas iko kwenye ule mkataba wa leseni moja majimbo mengi, Minnesota haimo. Ukitaka kurudi Dallas kufanya kazi utaomba upya.

Shemeji naye: dereva wa lori wa majimbo mengi anatozwa na jimbo anakoishi tu, sheria ya shirikisho ndo inasema hivyo. Najua wazo litakalokuja, wengi wamenijia nalo, abakishe anwani ya Dallas kwa binamu aendelee kuwa "mtu wa Texas". Asithubutu. Mke na watoto wako Brooklyn Park, watoto wanasoma huko, halafu aseme yeye anaishi Dallas? Watu wa kodi wa Minnesota wataangalia leseni, gari, kila kitu, na watadai na riba juu.

Baridi sitakudanganya, usiku wa Januari Minneapolis wastani ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Ila mimi Februari 2021 nimelala na jaketi ndani ya nyumba yangu hapa Texas umeme umekatika, na kule nyumba zimejengwa zikijua baridi inakuja.

Mimi ningehama, kwa sababu ya hiyo shule yako. Mkiamua, hameni watoto wakifunga, na andika tarehe mliyoingia, maana mwaka huo mtafaili Minnesota kama wakazi wa sehemu ya mwaka na mshahara wa miezi ya Dallas hawaugusi. Tunza stabu za mishahara mpaka siku hiyo.