Huo mkono wa gia wa babu si wa Land Rover

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wenu wa Tabora mjini, maeneo ya Isevya. Juzi tulikua tunasafisha stoo ya marehemu babu, tukakuta mizinga ya nyuki ya zamani, majembe, na chini kabisa kwenye debe la misumari kuna mkono wa gia wa gari. Chuma kimepinda kidogo, juu kuna kirungu cha mbao kimechongwa kwa mkono, nadhani ni mninga, chini kuna kibati kinene chenye matundu mawili ya bolti halafu springi, na chini yake kama gololi yenye ulimi. Nimeupima haufiki dhiraa. Hauna jina wala namba. Babu alikua dereva wa mapadre miaka ya 60. Mjomba anasema ni wa Land Rover, jirani anasema Peugeot 404, mdogo wangu kaangalia kwenye simu anasema ni Hurst, kampuni ya Marekani ya mikono ya gia, na tutakua matajiri. Na kuna jamaa wa vyuma chakavu anautaka kwa kilo. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa wa vyuma chakavu mwambie aendelee na safari yake, hao wengine watatu tutaenda nao mmoja mmoja.

Ila kwanza sahau kirungu. Najua ndicho kizuri, mninga huo ukiupaka mafuta kidogo utang'aa, lakini kirungu ni kama kofia, mtu anavua anavaa nyingine. Ndo kitu cha kwanza kupotea kwenye gari na cha kwanza kubandikwa cha gari lingine, nimeshaona Datsun ina kirungu cha lori na mwenye gari anajisifia. Mkono wa gia unausoma kuanzia chini, kule unakoshikana na gari, kwa sababu huko hakuna mtu anayebadilisha kwa urembo.

Tuanze na jirani. Peugeot 404 heshima yake naijua, Bert Shankland na Chris Rothwell waliitoa hapa hapa Tanzania wakashinda nayo mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1966 na 1967. Lakini gia ya 404 iko kwenye usukani! Ni kifimbo chembamba kinatokeza kwenye nguzo ya usukani, unakivuta kwa vidole, sakafuni hakuna kitu. Sasa kibati cha kufunga sakafuni kwa bolti mbili kitoke wapi? Jirani atusamehe.

Mdogo wako kidogo nimecheka, ila nimeelewa kilichomchanganya, ni yale matundu mawili. Mkono wa Hurst kwa chini ni chuma bapa, na matundu mawili yako kwenye chuma chenyewe, unafungwa ubavuni mwa mashine yake. Na mashine hiyo kwenye gari la gia nne ina fito tatu zinazokwenda kwenye giaboksi, moja ya namba wani na tuu, moja ya tatu na nne, moja ya rivasi. Mara nyingi jina lao wameligonga kwenye mkono wenyewe maana walitaka lionekane. Wa kwako matundu yapo kwenye kibati, mkono umepita katikati yake, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mjomba amekaribia, nisimvunjie heshima. Land Rover za zamani nazo zina gololi na springi, na ni kweli mapadre walizitumia sana. Ila mkono wake mkuu ni mrefu, dhiraa inapitwa. Halafu kwenda rivasi kwenye Land Rover huukandamizi mkono, unausukuma pembeni mpaka ushinde springi. Na hapa ndo kipimo changu kilipo, kifanye leo leo: bana kile kibati kwenye jiliwa, shika kirungu, kandamiza kwenda chini kwa uzito wa mkono. Ukizama kidogo halafu springi ikaurudisha juu, basi babu yako alikua anaendesha Volkswagen, ile yenye mgongo kama kobe, Beetle.

Maana kwenye Beetle rivasi inaingia hivyo, kandamiza chini, peleka kushoto, vuta nyuma. Mtu asiyejua anaweza kukaa kwenye gari hilo nusu saa anatafuta rivasi haioni, na wengine walikua wanashuka wanalisukuma kurudi nyuma kwa mikono! Injini iko nyuma, giaboksi iko nyuma, dereva yuko mbele, kwa hiyo ule ulimi chini ya gololi unaingia kwenye fito ndefu inayopita ndani ya handaki la katikati ya sakafu mpaka kwenye kiungo kilicho chini ya siti ya nyuma. Fito hiyo inashikiliwa na bushi, bushi ikiisha mkono unacheza kama mwiko kwenye ugali mwepesi na watu wanalaumu giaboksi bure.

Angalia tena yale matundu mawili. Kama si mviringo kamili, yamerefushwa kidogo, huo ni ushahidi mwingine, yalifanywa hivyo ili usogeze mkono mbele au nyuma kidogo kabla ya kukaza bolti, gia zikae sawa. Na nakuomba rudi kwenye lile debe la misumari, tafuta kibati kingine chembamba chenye ukingo uliokunjwa juu. Hicho kinakaa chini ya mkono, kazi yake kukuzuia usiingie rivasi kwa bahati mbaya ukiwa unatafuta namba tuu, na ukikifunga kimegeuka gia zitakusumbua. Kama kipo, mjadala umeisha.

Kombi ya Volkswagen nayo rivasi ni ya kukandamiza, usije ukasema sikukwambia, ila mkono wa kombi ni mrefu zaidi, wako umeishia chini ya dhiraa kwa hiyo kombi tunaiacha.

Nyuzi za kirungu? Fungua taratibu upime unene wa chuma. Volkswagen wanatumia milimita, Beetle za nyakati tofauti zina 7, 10 au 12. Ukipata kama 9 na nusu hiyo ni tatu ya nane ya inchi, unitafute tena tuanze upya. Lakini usishangae kama nyuzi zimelika, huyo aliyechonga mninga inaelekea aliuingiza kwa nguvu.

Thamani sasa. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, za mwisho zilitoka Mexico mwaka 2003, na spea bado zinatengenezwa, kwa hiyo utajiri wa mdogo wako haupo hapa. Anayefufua Beetle ya zamani atakupa zaidi ya bei ya kilo, ila mimi ningekua wewe nisingeuza. Uloweke kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, usitie grainda, na kirungu usikibadilishe.

SWALI: Fundi, nipo Ujiji, Kigoma. Nimenunua Land Rover 109, Series III. Nimekandamiza kirungu cha njano sasa hakitoki, gari zito hata kwenye lami. Nimeharibu?

JIBU: Hujaharibu kitu. Cha njano kinaingiza magurudumu ya mbele, na kutoka hakitoki kwa kuvutwa, wengi wamekikunja hapo. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, vuta kirungu chekundu, kile cha kubadili gia nzito na nyepesi, nyuma mpaka mwisho, halafu kisukume mbele mpaka mwisho. Cha njano kitaruka chenyewe. Kikigoma, rudisha gari nyuma mita chache kwenye mchanga ujaribu tena, na usikanyage lami nalo hivyo hivyo, unaumiza difu.