Ua linalonuka mzoga, na maswali mengine ya wapenda miiba

Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu anachunga mbuzi upande wa Voi. Mwaka jana aling'oa mmea porini akaniletea. Hauna majani, mashina yana pembe tano na meno makali. Mwezi wa tatu ulitoa ua moja kubwa la manjano lenye madoa mekundu, zuri ajabu, ila lilinuka mzoga hadi nzi wakajaa dirishani. Mke wangu ametoa amri mmea utoke. Isitoshe, tangu Julai shina moja limelainika na kuwa jeusi kwa chini. Nifanyeje?
Msomaji, Limuru

Marahaba. Mpe mke wako pole, kisha umwambie kwamba kuna watu Ulaya wanaoutunza mmea huo miaka na mikaka wasione hata tumba moja. Picha uliyotuma haina shaka: ni Edithcolea grandis. Jina linamkumbuka Edith Cole, Mwingereza aliyeupata katika nchi ya Wasomali mwaka 1895. Ua lake hufika sentimita 10 na zaidi, na wakuzaji wa ng'ambo hulifananisha na zulia la Kiajemi. Kwa madoa yale, sioni walivyokosea.

Harufu ndiyo kazi yake. Nzi hudhani amepata nyama, huingia katikati ya ua kutaga mayai, na akitoka amebeba chavua. Funza wakianguliwa hawana cha kula, wanakufa. Kwa hiyo ua likikaribia kufunguka, toa chungu nje siku hizo chache, amani irudi nyumbani.

Sasa huo uozo. Usilaumu maji peke yake, laumu Limuru. Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, Limuru inapita 2,000. Mmea uliozoea kulala chini ya vichaka vya nyika, udongo ukiwa na joto hata usiku, umewekwa kwenye ukungu wa mashamba ya chai. Mizizi ikipoa huku imelowa, kuvu huingia chini na kupanda ndani kwa ndani. Unapoona weusi nje, ndani kumekwisha haribika.

Chukua wembe mpya, uupanguse kwa spiriti. Kata shina juu ya palipooza, kisha tazama nyama ya ndani kwenye mwanga. Ukiona kidoa cha kahawia katikati, hata kama ni kidogo kama ncha ya kalamu, hapo bado. Pangusa wembe, panda juu kidogo, kata tena. Endelea hadi nyama iwe safi, kijani hafifu tupu. Watu wengi huonea huruma kipande kirefu, wakaacha kile kidoa, na wiki mbili baadaye hawana kirefu wala kifupi. Kiache kivulini juu ya gazeti siku kumi hivi hadi kidonda kiwe kigumu. Halafu kilaze, usikizike, juu ya changarawe za lile jiwe jepesi la kusugulia miguu. Ndilo hilo hilo la bafuni. Livunje kwa nyundo, uchekeche vumbi litoke. Shina hutoa mizizi upande wa tumbo. Weka dirisha linalopata jua la asubuhi, na usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 15, usitie maji kabisa. Kabisa.

Na mjomba aache kung'oa. Mmea mkubwa wa porini hufika kwako mizizi ikiwa imekatika nusu, na porini umebaki shimo. Akiona mwingine, atafute matunda: huwa mawili mawili, membamba, yamesimama. Ayavishe kipande cha soksi ya kike kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ya hariri na upepo ukizichukua huzioni tena. Mmea utakaotoka kwenye mbegu, ukizaliwa Limuru, utaivumilia Limuru kuliko huo wa Voi. Hata kwenye maonyesho ya mimea, mkuzaji aliyeanza na mbegu hana haja ya kueleza aliutoa wapi.

Mwalimu, habari za siku nyingi. Niko Birmingham. Nilipeleka mmea wangu bora kwenye maonyesho ya klabu ya hapa, kwenye meza ya kakati. Nimeulea tangu kipandikizi. Jaji hakuutazama hata mara mbili, akaweka kadi ya herufi tatu, N.A.S., akapita. Ulikuwa na afya kuliko yote mezani! Nimeonewa?
Mtoto wa Tanga

Hukuonewa, mwanangu. Kadi hiyo maana yake mmea haukufuata masharti ya kundi ulilowekwa, na jaji akishaona hivyo haruhusiwi kuupa alama hata ungekuwa wa dhahabu. Kwa picha uliyotuma, ulichopeleka ni Euphorbia grandicornis, mwenyeji wa pwani yetu hadi Afrika Kusini. Ni ndugu wa mnyaa, ule wa ua wa boma kwenu Tanga. Kakati si ndugu yake hata kwa ndoa.

Utaitambuaje kakati? Tazama miiba inapochipukia. Kakati ina kidoti chenye manyoya, kama kimto kidogo cha kuchomekea pini, na miiba, maua na matawi vyote hutoka hapo. Wako hauna vidoti hivyo. Miiba imekaa jozi jozi, na ukiuchoma hutoa utomvu mweupe. (Utomvu huo usiuguse kisha ukajifuta jicho. Utalazwa.) Kakati karibu zote ni za Amerika. Moja tu ni ya asili Afrika, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia kwenye miti ya misitu yetu, nayo ikikomaa huwezi kuishtaki kwa miiba. Kwa hiyo mimea yetu ya asili yenye miiba si kakati, na kakati yetu ya asili haina miiba. Mungu ana ucheshi.

Mwakani peleka mmea huo huo meza ya pili, ile ya mimea mingine inayohifadhi maji. Kabla ya hapo geuza chungu robo mzunguko kila wiki, maana dirisha la Uingereza huvuta shina upande mmoja na jaji huliona tangu mlangoni. Kwenye karatasi ya masharti ya maonyesho angalia upana wa chungu unaoruhusiwa. Uwe na rula. Vumbi katikati ya miiba litoe kwa brashi laini ya poda ya uso. Tandaza changarawe safi juu ya udongo, andika jina kamili kwenye kibao, lisomeke. Ua ni nyongeza. Wanatafuta umbo na ngozi isiyo na kovu.

Naishi Likoni, mchanga wa pwani ni wa bure. Naweza kupandia?
L. M.

Hapana. Una chumvi. Nunua mchanga wa mto kwa fundi wa ujenzi, uoshe hadi maji yatoke meupe.

Mwalimu, nakwenda Muscat kwa binti yangu. Nataka kumbebea mishubiri midogo mitatu ya Taita kwenye begi, imefungwa kwenye kanga. Kuna ubaya?
Bibi wa wajukuu wanne

Upo, dada yangu. Mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975, na Oman nayo ni mwanachama. Unahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Na kama imechimbwa porini, Kenya ilipiga marufuku biashara ya mishubiri ya porini kwa agizo la rais tangu 1986. Watakuuliza uliitoa wapi, na kanga haitajibu.

Mwachie binti yako atafute ya huko huko. Mkoa wa Dhofar una mshubiri wake, Aloe dhufarensis, wenye majani ya kijivujivu, na waridi wa jangwani huota kwenye milima ile ile. Wa pili ndio rahisi kwa anayeanza: aulize wauza miche mbegu za msimu huu, si za zamani, azilaze juu ya changarawe yenye unyevu, joto la Muscat lifanye kazi. Ndani ya wiki moja hivi atakuwa na miche.