Daraja la zamani limefungiwa malori, kwani limeoza?

SWALI: Mhariri, daraja jipya lishafunguliwa, sasa la zamani wameweka vyuma, baiskeli na waenda kwa miguu tu ndo ruksa. Mbona juzi tu lilikuwa linabeba malori?

JIBU: Ndugu msomaji, lilibeba kwa sababu njia nyingine haikuwepo, sio kwamba lilikuwa zima. Chuma kinachoka jamani, kila lori likipita linakikunja kidogo linakiachia, mara mamilioni, mpaka nyufa zinaanza kwenye maungio, na mzigo ukiwa mara mbili uchovu unaongezeka kama mara nane hivi. Kwenye zege nako maji yakiingia nondo zinashika kutu, zinavimba, zinalipasua. Na vile vyuma msiving'oe tafadhali, kibao peke yake madereva wengi hawakijali.